Karatasi ya Bajia

Magazeti ya wiki iliyopita nayanunua kwa kilo
kwa Shaame, tarishi wa wilaya.
Habari zikishapoa huko ofisini
ndipo zinapofika kwangu Limbani kukutana na moto.

Mimi si msomaji sana. Skuli niliishia darasa la tano,
na la tano lenyewe nililimaliza nikiuza karanga.
Lakini picha nazisoma zote,
mkono mmoja karaini, wa pili unachana kurasa:

watoto wamekaa sakafuni, daftari juu ya goti,
na mmoja, wa tatu kutoka dirishani,
anamkodolea macho mpigapicha kama anamdai;
jaa la nyuma ya soko, na mbuzi wa watu anatafuna boksi;
wazee kwenye foleni ya pencheni,
kofia zao zimenyooka kuliko migongo;
barabara imekatika katikati kama chapati,
na kijana kapandisha baiskeli begani, anavuka.

Ah, na mgeni rasmi. Huyo namtambua kwa mkasi.
Sura hubadilika, tumbo hubadilika,
mkasi ule ule, utepe ule ule,
na wapiga makofi huwa wamekatwa vichwa
na ukingo wa picha.
Sina kinyongo naye. Nimeshamkunja mara nyingi
kuwa pembe, nikamjaza bajia,
hajawahi kuvuja.

Basi Alhamisi ile kaja Hidaya wa Bi Raya na mia tano yake.
Nikachana, nikakunja, nikatia tano na chatne pembeni.
Hajafika hata kwa fundi cherehani, karudi mbio:
"Bi Mafunda! Umo humu!"

Nimo.
Foleni ya Mtemani, alfajiri, ndoo na madumu
yamepangwa mpaka kona ya msikiti,
nami mbele kabisa, nimeinamia mfereji mkavu
kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
Hidaya akanisomea maandishi, kidole kikifuata:
"Mkaazi wa Wete, ambaye jina lake halikupatikana mara moja,
akisubiri huduma ya maji."

Mara moja!
Miaka hamsini na mbili niko mji huu.
Na huyo mpigapicha, siku ile ile,
kanila bajia sita, kalipa nne,
akasema, "Za mbili nitakuletea, Bi Mafunda."

Nilitaka kucheka. Ndipo mtoto akainua karatasi juani.
Mafuta yalishaingia, karatasi imekuwa kioo,
na kutoka upande wa pili akajitokeza yeye,
mgeni rasmi, koti na shada la maua shingoni,
anafungua mfereji mpya sijui wa wapi,
maji yanamrukia mkononi.
Mfereji wake ukakaa juu ya wangu.
Kiatu chake kikakanyaga pindo la kanga yangu.
Na maji yakamiminika ndani ya ndoo.

"Inajaa," akasema Hidaya.
"Usitikise," nikamwambia. "Yatamwagika."

Akatoa kalamu ya skuli, akataka kunirekebisha:
Mafunda Kombo Faki, juu ya lile "halikupatikana".
Kalamu ikateleza. Mafuta hayashiki wino.
Akakandamiza, akarudia, ulimi nje,
mpaka karatasi ikaingia mabonde madogo
ambayo ukiyatazama hivi hivi huoni kitu,
ukiyaelekeza kwenye mwanga, jina linasomeka.

Bajia zake zilikuwa zimeshapoa.
Nikamuongezea moja ya moto,
nikamfungia kwenye ukurasa wa michezo.