Mizani Mbili

Kabla sijaujua uso wako niliujua mwandiko:
herufi zimeinama kulia kama mtu anayewahi kengele,
kwenye kadi ya kamusi, ile moja tu ya maktaba yetu,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Shekue. Nyevu. Shekue. Nyevu. Nyevu.
(Hapo nilikuwa na homa, sikuirudisha.)

Kidato cha tatu, muhula wa pili,
Mwalimu Tsofwa alibandika karatasi nje ya ofisi,
na kutoka Barani hadi Maweni ikajulikana
kuwa mtoto wa mama viazi karai wa stendi
amempita mtoto wa karani wa benki
kwa alama mbili.
Ulikuja ukasimama nyuma yangu. Hukunipa hongera.
Ulisema, "Swali la saba ulibahatisha."
Nikasema, "Na wewe hata bahati hukuwa nayo."
Darasa likaguna.

Tangu siku hiyo nikawa naamka saa kumi za usiku.
Mama akikaanga, mimi na logi zangu kando ya karai;
kurasa zangu mpaka leo zina madoa ya mafuta,
ukiziinua juani unaona upande wa pili.
Nawe, dada yako aliniambia,
ulisomea chooni, maana ndiko pekee
taa yenu haikuzimwa.

Maabara walitupanga meza moja, kwa makusudi nadhani.
Wewe ukishika bomba, mimi nikihesabu matone.
Rangi ya waridi ilipochomoza ndani ya chupa
tulinyamaza wote wawili,
na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekimbilia kalamu.

Kisha nikaikuta karatasi ndani ya kamusi,
kwenye ukurasa wa *mshindani* na *mshindi*:

*Wanipita kwa alama, mbili tu kwenye hesabu,*
*Mimi nakupita hima, fizikia bila tabu,*
*Usiku kucha nasoma, kitabu hadi kitabu,*
*Ila swali la mtima, bado sina jibu.*

Nilitoa kalamu nyekundu. Ningefanyaje?
Nikaandika: *Utao wa mwisho una mizani sita.*
*Mbili zimepungua. Kumi na nane kwa ishirini.*
Lakini sikukurudishia.
Nikaikunja, nikaitia kwenye kasha la bikari.

Mtihani wa majaribio ulianguka alama kumi na moja.
Kumi na moja, Shekue!
Nilikufuata hadi Majengo, viatu mkononi, koo limenikauka,
nikakupigia kelele mbele ya kinyozi na wateja wake:
"Usinipe! Sitaki ushindi wa sadaka!
Nishinde, au nikushinde, lakini usinihurumie!"

Ukanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.
"Wallahi, Nyevu, sikujua.
Lile la vekta. Hata linapoanzia sipajui."

Miaka miwili nimekusikia ukisema mengi.
*Sikujua* sikuwahi kuisikia kinywani mwako.
Ilinigonga mahali ambapo shairi lilipakosa,
nikacheka hadi kinyozi akazima mashine.

Pembeni lilisimama lori la chumvi la Gongoni,
mlango wake umejaa vumbi.
Nikachora A, nikachora B, nikavuta mshale.
"Usiangalie urefu peke yake," nikakwambia,
"angalia inaelekea wapi."
Uliinama karibu. Ulinuka sabuni ya kufulia na chaki.
Kidole chako kikaufuata mshale wangu pole pole,
kikafika B kabla sijakitoa changu.

Dereva akatoka na chapati mdomoni, akawasha,
akaondoka na hesabu yetu kuelekea Mombasa,
nusu yake haijamalizika.

Usiku nilifungua kasha la bikari.
*Bado sina jibu.* Nikahesabu kwa vidole: sita.
Nikahesabu tena, nikianza na neno uliloliacha,
mjanja wewe, au mwoga:
Nye. Vu.
Nane kamili.

Nikaikata ile kumi na nane.
Nikaandika kumi na tisa.
Ishirini uitafute mwenyewe.