Amerudia Darasa

Shule imefungwa, jiko halijafungwa.
Saa kumi na mbili asubuhi tunapaka siagi,
mimi na Senga, meza nzima kati yetu,
mikate mia na arobaini, jibini, tufaha, maziwa ya pakiti,
na ndani ya kila mfuko penseli moja
isiyokuwemo kwenye orodha ya ofisi.

Senga ni jina la huku Glasgow:
Agnes, limesomwa kinyumenyume.
Mwezi mzima sikumwambia
kwamba kwa Kiganda cha bibi yangu senga ni shangazi.
Nilipomwambia alicheka ndani ya barakoa
hata miwani ikaingia ukungu.

Majengo ya Springburn tunayapanda kwa miguu.
Lifti moja imekufa,
ya pili inabeba mtu mmoja mmoja na harufu ya dawa.
Kanuni ni hii: weka mfuko, bisha, rudi nyuma.
Hodi isiyongoja karibu.
Mimi niliyelelewa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
leo ni mgeni wa sekunde nane,
naacha chakula mlangoni na kuondoka mbio
kama niliyekiiba.

Watu nawajua kwa sauti tu.
Mtoto anasoma hesabu kwenye simu iliyopasuka kioo,
dakika ishirini zake, ishirini za dada yake.
Mita ya umeme wa kulipia kabla inalia pi, pi,
na hakuna anayeinuka.
Mama anasema asante kwa sauti ya mtu
aliyenawa uso sasa hivi.
Namba thelathini na tisa hawajafungua hata siku moja,
ila mfuko wa jana haupo,
na hilo ndilo jibu lao.

Ghorofa ya kumi, Struan, miaka minane,
huzungumza nami kupitia tundu la barua.
Namwona vidole na kidevu.
"Leo kuna nini?"
"Jibini."
"Tena?"
"Tena."
"Mama amelala. Usiku alikuwa kazini, kwa wazee."

Jumanne ya wiki ya tano
tufaha lilijaribu kutoka tunduni, likakwama, likarudi.
Kisha ukaja mkono na nusu mkate
uliofungwa kwa karatasi ya daftari.
"Mpelekee babu wa juu," akasema.
"Zamani tukipiga kelele alikuwa anagonga bomba.
Siku hizi hagongi.
Jana tumeruka makusudi. Hakugonga."

Ngazi kumi na nane. Nilizihesabu
kwa sababu sikutaka kuhesabu kingine.

Alifungua baada ya muda ambao siutaki tena.
Bwana Gilfillan, fundi wa injini za treni enzi hizo,
sweta kaivaa nje ndani,
mkono umeshika ukuta.
Aliutazama ule mkate, akanitazama.
"Mimi si ombaomba."
"Umetumwa na jirani," nikasema, nikakosea, nikarekebisha:
"Nimetumwa na jirani. Yule mwenye kelele."
Akaupokea kwa mikono miwili.

Orodha yetu ni ya wanafunzi.
Asiye na daftari shuleni hana mfuko.
Senga alisimama kwenye gari, injini ikinguruma,
akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyejuta:
Gilfillan, A., darasa la pili.

Alhamisi ofisi ikapiga simu.
Kuna hitilafu, wakasema,
mwanafunzi huyu amezaliwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane.
Senga akameza chai yake kwanza.
"Ndiyo," akajibu. "Amerudia darasa."
Kimya. Halafu upande wa pili mtu akakohoa, au alicheka,
na jina halikufutwa.

Jumatatu niliweka mfuko, nikabisha, nikarudi nyuma.
Tundu likafunguka kwa hasira.
"Umempa nini yule babu?" Struan akauliza.
"Ameanza tena kugonga bomba.
Tangu asubuhi! Na sisi tulikuwa tumekaa tu."