Pasha Mikono Kwanza

Pinja, kabla ya nepi, kabla ya neno,
pasha mikono kwanza.
Hapa Kemi, Novemba,
hata bomba la maji moto huamka kwa kusitasita,
nawe umetoka kusukuma kigari uani;
vidole vyako ni misumari.
Mtoto hajui kuwa ni baridi ya dunia.
Atadhani ni wewe.

Kisha mwambie. Usimbebe kama gunia la viazi
kutoka mchezoni hadi mezani bila habari.
"Aava, sasa nakuinua."
Hana maneno, ndiyo, ana miezi tisa,
lakini ana mgongo,
na mgongo husikia unapoombwa ruhusa.

Mtawaze kwa maji vuguvugu, toka mbele kwenda nyuma,
wala usipite juu juu kama afutaye meza ya mkahawa:
mikunjo ya mapaja ina siri zake,
na shingoni, chini ya kidevu, maziwa ya asubuhi
hujificha yakachacha.
Kausha kwa kubonyeza, usisugue.
Pakaa krimu pale palipoiva kwa wekundu.
Mkono mmoja ubaki kifuani mwake,
hata simu ikilia, hata paa likianguka.

Na usikunje uso.
Kinyaa, Pinja, mtoto hukisoma usoni mwako
kabla hajaijua herufi moja,
na akishakisoma hakitoki kwa sabuni.
Mimi nilikunja, mwaka wangu wa kwanza.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na rangi ya kucha.
Msichana yule sasa anaendesha basi,
hunisalimu vizuri kila nipandapo; hakumbuki.
Mimi ninakumbuka.

Saa tano wanaingia, kumi na wanne,
suruali zao za mpira zimevaa uwanja mzima:
tope, changarawe, majani yaliyooza.
Tunawasuza mlangoni kwa mpira wa maji,
wanapiga mayowe, wanataka tena,
maji meusi yanazunguka shimoni yanapotea.
Kabati la kukaushia linanguruma
na chumba chote kinanuka sufu mbichi
kana kwamba kondoo amelala chini ya benchi.
Glavu ishirini na nane.
Daima ishirini na saba.

Leo Veikka hakutaka kuvua.
Alisimama pembeni, mapaja ameyabana,
akitazama ukuta kama ungekuwa na dirisha.
Ana miaka minne. Tangu Agosti hajavaa nepi,
na kila mtu amempongeza, hata mpishi,
na sifa, ujue, ni nguo inayobana.
Sikumuuliza kitu.
Nilisema, "Maji ya tope hupenya hata mpira mzuri.
Njoo tutafute soksi."
Tukaingia chooni, tukafunga mlango,
yeye akashika bomba, mimi nikashika kitambaa,
tukazungumza habari za mbwa wa bibi yake.
Suruali ya akiba ilikuwa fupi,
yenye mbweha kwenye magoti.
Akawapigapiga mbweha vichwani, akatoka.

Ulikuwa unahesabu glavu, hukuona
alichofanya baadaye, wakati wa kulala.
Ilmo mdogo alikuwa analia, pua imefurika.
Veikka akajitoa chini ya shuka lake,
akachukua karatasi laini,
akasimama.
Akaiweka chini.
Akaleta viganja mdomoni, akavipulizia,
haa, haa,
kisha ndipo akampangusa.
Vibaya. Kamasi ikafika sikioni.

Nilikwenda nikamalizia.

Mama yake akija saa kumi, mpe ule mfuko,
nimeufunga mafundo mawili,
umwambie tu kwamba supu ya samaki ameimaliza.
Yaliyomo atayaona nyumbani, peke yake.
Haya, Aava ameamka, namsikia.
Lete mikono yako niishike.

Bado.