Nusu ya Kereng'ende

Kwetu Nova Olinda jiwe halivunjwi, hufunguliwa.
Baba alinifunza hivyo kabla sijajua kusoma:
tegesha patasi penye ufa,
gonga kama abishaye hodi kwa mgonjwa,
kisha ngoja.
Jiwe lenyewe litakwambia linapotaka kuachana.

Machimbo ni meupe, jua lake halina haya.
Vumbi hukaa kwenye nyusi, kwenye mkate wa muhogo,
kifuani mwa ami Genival,
ambaye kikohozi chake ndicho saa yetu ya alfajiri.
Tunakata vigae vya sakafu. Hiyo ndiyo kazi.
Samaki ni ajali.

Wako wengi, wadogo kama kidole cha mwisho,
miiba yao myembamba kuliko uzi,
kundi zima limelala kichwa upande mmoja
kana kwamba kuna aliyewapanga foleni
akasahau kurudi.
Hao hatuwahesabu. Wamo kwenye sakafu za benki huko Fortaleza,
watu huwakanyaga wakienda kukopa.

Lakini mdudu! Mdudu huzima hata msumeno.
Nimeshika panzi mwenye vipapasio virefu kumpita mwenyewe,
nge kasoro mkia,
kumbikumbi aliyeanguka ziwani jioni moja
kabla jioni haijapata wa kuiita jioni:
rangi ya machicha ya kahawa,
na bawa lake bado lina vyumba vyote.

Mwaka niliozaliwa Baba alifungua kereng'ende.
Upande huu mwili, upande huu alama ya mwili,
kama uso na mto ulioulalia.
Akaja bwana mmoja na gari safi,
akaupima mwili kwa kiganja, akahesabu noti.
Sheria ilikataza. Njaa haikusomeshwa sheria.
Tukanunua jokofu. Linanguruma mpaka leo.
Alama Baba akaijengea ukutani, juu ya jiko,
na Mama huipangusa masizi kila Jumamosi
kwa kitambaa kile kile cha picha ya marehemu.

Juzi akaja Jucileide wa makumbusho,
brashi mfukoni, magoti meupe kama yetu.
Akasimama mbele ya jiko, akasahau kusalimu.
"Mwenzake yuko kwenye droo," akasema, "nchi ya theluji.
Tumewaandikia. Wanasema wanafikiria."

Mama akamimina kahawa.
"Wakimaliza kufikiria, mlete hapa,
tuwaone pamoja. Kisha wachukueni wote wawili.
Mpaka siku hiyo huyu ni wa jikoni."

Jucileide hakubishana. Nikamfungia samaki watatu
kwenye gazeti la mwezi jana, bure,
akawapakata garini kama mayai.

Usiku, taa imezimwa,
nikapeleka kidole ukutani.
Pale palipokuwa na bawa pana bonde dogo,
na ndani yake vijito vyake vyote.
Ami akakohoa. Jokofu likamjibu.

Kesho tuna oda ya mita mia mbili.
Nitagonga polepole. Msimamizi atapiga kelele.