Hakuna Mgongano

Ghorofa ya tatu, barabara ya Nkrumah.
Lifti imekufa tangu Shaabani,
na Bi. Mwanakombo amepanda ngazi sitini na nne
akizihesabu kwa sauti, kama anayenidai.

Nampa maji. Nampa kiti cha karibu na feni.
Kisha namwelekezea kishikwambi usoni,
maana siku hizi, kabla wakili hajakusikia,
mtambo huuliza kwanza kama wewe ndiwe.

Geuza uso kushoto. Akageuza.
Pepesa macho. Jicho la kulia lina mtoto,
halipepesi kwa amri ya mtu.
Tabasamu.
"Nitabasamu kwa lipi, mwanangu?
Nimekuja kwa kesi ya kiwanja."

Tukajaribu dole gumba. Kioo kikaona ngozi tupu,
laini kama kijiko cha zamani.
Miaka arobaini juu ya mbuzi ya nazi,
miaka arobaini akigeuza vibibi kwa ncha za vidole:
mistari yote imekwenda na tui.

Chanzo cha fedha, chagua kimoja.
Mshahara. Uwekezaji. Mirathi. Faida ya hisa.
"Andika vibibi," asema. "Na mchezo wetu
wa wanawake kumi na wawili, zamu yangu ilikuwa mwezi wa sita."
Nikachagua Nyinginezo,
na Nyinginezo ikawasha taa ya manjano.

Anwani.
"Nyuma ya msikiti, upite duka la Muhiyidini,
mlango wa kijani uliopasuka chini.
Ukipotea uliza, hata watoto wanijua."
Mtambo hauna wa kumuuliza.

Jina ndilo lililotuweka.
Kitambulisho: Mwanakombo Shee.
Cheti cha ndoa: Mwana Kombo binti Sheikh.
Hatimiliki ya mwaka wa sabini na nne,
mkono wa karani aliyekuwa na haraka zake: Mwanacombo Shehe.
Wanawake watatu, na mmoja ameketi mbele yangu
akifungua fundo la leso lenye risiti.
Nikaingiza la kitambulisho, ndiyo kanuni.
Ombi limesitishwa. Ngoja siku kumi na nne.

Alasiri hiyohiyo, bwana wa kampuni hakupanda ngazi.
Alituma nyaraka kutoka penye kiyoyozi, sijui wapi:
pasipoti, taarifa ya benki, cheti cha kodi.
Uso wake ulipepesa vizuri, ukatabasamu vizuri.
Kampuni ina umri wa wiki tano.
Dakika nne: kijani, kijani, kijani.
Ananunua kiwanja nambari 417, Majengo,
kutoka kwa warithi wa marehemu Mwanacombo Shehe.

Nikabonyeza kitufe cha mwisho, kile cha sheria:
je, kuna mteja wetu upande wa pili?
Mtambo ukatafuta nusu sekunde.
Hakuna mgongano.

Nikachungulia mlangoni.
Marehemu alikuwa bado kwenye benchi,
akingoja jua lipoe ateremke,
kaimati mapajani ndani ya karatasi ya gazeti.
"Hutaki moja?"

Nikala mbili.
Nikarudi kwenye kisanduku cha Maoni ya Karani,
kinachobeba herufi mia mbili na si zaidi.
Nikaandika: Marehemu yupo hapa nje.
Nikafuta. Watadhani ni mzaha.
Nikaandika: Kiwanja ni kimoja. Mtu ni mmoja.
K na C ndizo zilizokosana.
Yu hai, nimekula kwake sasa hivi. Simamisha.

Thibitisha kwa kidole chako.
Nikaweka.
Kidole hakijatambuliwa. Jaribu tena.
Nikaweka. Shira imenata hadi kwenye kucha.
Jaribu tena.

Bi. Mwanakombo alicheka mpaka akakohoa,
akanipa pembe ya leso yake, upande usio na risiti.
"Pangusa, mwanangu," akasema. "Polepole. Mimi nipo."