Hatua ya Sita

Fundi viatu husoma watu kwa soli.
Ya Bi. Hermance Fayolle, ghorofa ya kwanza juu ya duka langu,
mtaa wa nyuma ya stesheni, Saint-Étienne,
iliisha kwenye ncha, si kisiginoni:
soli ya mtu asimamaye
na kisigino tayari kimeinuka.

Usiku nilimsikia juu ya dari yangu.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,
ya sita, akasita.
Kimya. Vumbi la makaa likitua dirishani.
Kisha moja tena.

Kusita huko ndiyo kazi yake.
Aliwafundisha watoto wa wachimba makaa
kwamba kati ya swali na jibu pana chumba,
na humo ndimo anamokaa binadamu;
apitaye mbio amemwacha mtu ndani.
"Mwenda pole hajikwai," nilimtania siku moja.
Akakigeuza kiatu chake mkononi:
"Na asiyejikwaa, Bwana Chazot, ameijuaje njia?"

Kurasa mia nne aliandika juu ya pumzi moja.
Paris walimwalika mara mbili.
Ya kwanza treni ilimwacha;
ya pili alifika, akaulizwa swali la kwanza,
akanyamaza hata mwenyekiti akaenda kumletea maji.

Pumzi yenyewe naijua.
Februari ya arobaini na nne, theluji yenye masizi,
askari wawili wamebisha mlangoni kwake:
Kuna mtu mwingine humu?
Hapana ilikuwa imeiva ulimini.
Akasita.
Wakaingia. Nyuma ya kabati alikuwapo Szymek,
mwanafunzi wa fundi saa, miaka kumi na saba.
Nilikuwa nimempima mguu: arobaini na moja.
Hakurudi.

Ndipo akaanza kuandika. Hakujitetea, hakujilaani;
aliigeuza ile pumzi kama mtu ageuzaye jiwe
atazame chini yake kuna nini.

Chini yake nilikuwapo mimi.

Kabla hawajapanda walipita kwangu.
Waliuliza. Nami, mdomo umejaa misumari,
nilielekeza kidole juu.
Sikusita hata nusu ya hatua.

Miaka ishirini na minane nilimshonea viatu bure.
Akadhani ni ukarimu.
Kila Krismasi aliniletea jamu ya plamu,
na mwaka ule kitabu kilipotoka, akaniletea nakala,
ukurasa wa kwanza kaandika kwa wino wa buluu:
Kwa Bwana Chazot, ambaye husikiliza.

Jana wameshusha kitanda chake, na vitabu,
na kabati lile, wanaume wanne wakitukanana ngazini.
Jozi yake ya mwisho imebaki rafuni,
soli mpya, haina wa kuikanyaga.
Dari imenyamaza,
kimya kisichotanguliwa na tano.

Naandika haya kwa penseli ya kuchorea ngozi.
Mara ngapi nilizipanda ngazi zile nimwambie.
Nilifika.
Niliinua mkono kubisha.