Mzoa Maji

Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
Irmeli anashuka ngazi za chuma hadi kwenye bwawa.
Mvuke umeimeza taa.
Kope zake zimeota barafu.
Anatumbukiza kikombe chenye mpini mrefu
katika uji wa kahawia unaotokota bila moto,
anakiinua, anakinusa:
kiwanda kimenunua vipimo vya kila namna,
hakijanunua pua ya mtu aliyezaliwa hapa.
Leo unanuka udongo baada ya mvua.
Vizuri. Ungenuka yai viza, angekimbia.

Chini ya hadubini anawahesabu wafanyakazi wenzake,
vidudu wenye umbo la kengele, kila mmoja juu ya bua lake,
wakifumbua vinywa, wakifumba,
wakila sukari ya msonobari, wakila utomvu,
wakila kila ambacho mashine ilikitema.
Hawana chama. Hawana likizo.
Waonje sumu kidogo tu, wanajikunja,
na kabla ya jua kutoka mto umeshapata habari.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Yeye analipwa mshahara kuyazoa.

Babake, Taisto, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja
katika chumba cha kupaushia rojo, enzi za klorini.
Shati lilimtoboka mgongoni kama lililoliwa na nondo.
Povu mtoni lilisimama kimo cha mbwa;
watoto walilikatakata kwa fimbo, wakajenga ngome.
Shuka zilianikwa nyeupe, zikaanuliwa za kijivu.
Mkewe akilalamika, alimjibu,
“Hiyo ni harufu ya mshahara.”
Na karatasi ilitoka nyeupe, nyeupe pee,
weusi wake wote umeachiwa ziwa.

Siku hizi klorini ile haipo.
Rojo linaoshwa, linaoshwa tena, linapaushwa kwa oksijeni;
maji ya mashine yanachujwa na kurudishwa kazini
kama kibarua asiyeruhusiwa kwenda kwao;
mchuzi mweusi wa magogo unachomwa tanurini, unawasha taa za mji.
Hayo ndiyo yaliyoandikwa ukutani, pale wageni wanapovulia makoti.

Ukutani hapakuandikwa habari za usiku ule wa Novemba
mpira wa pampu ulipopasuka
na mchuzi mweusi ukaingia mfereji usio wake.
Mshale wa kipimo uliruka.
Dakika kumi na moja, alikadiria, kabla haujafika bwawani.
Alizungusha gurudumu la valvu kwa mikono miwili,
akaugeuzia mkondo kwenye hodhi la dharura,
kisha akampigia Pellikka, msimamizi wa zamu.
“Hodhi litajaa. Simamisha mashine.”
“Unajua saa moja ya kusimama ni pesa ngapi?”
“Najua. Hawa wangu wakifa, ni majuma sita.”
Kimya. Pumzi ya mtu anayepiga hesabu.
Kisha mashine ya pili ikasimama.

Mji mzima uliamka, si kwa kelele, kwa ukimya.
Madirisha yaliwaka moja moja kando ya ziwa.
Simu yake ikalia: babake, sauti imejaa usingizi na hofu ya zamani.
“Nani amekufa?”
“Hakuna aliyekufa, baba.
Ndiyo maana.”

Julai, mzee anatupa ndoana kutoka gati la mbao.
Samaki anakuja, mgongo kijani, meno kama sindano.
Anamtazama kitambo, anamchomoa ndoana taratibu,
anamrudisha majini.
“Wamesema wanalika sasa,” Irmeli anasema.
“Wamesema.”
Anafuta viganja kwenye suruali.
Tope la chini halisomi ripoti;
alilolimwagia mwenyewe analikumbuka kwa ndoo.
Mengine, kweli, hayazoleki.

Irmeli anapiga magoti, anajaza chupa yake,
anaiinua juani: rangi ya chai isiyokolea.
Anatoa kalamu, anaandika tarehe na saa
kwenye karatasi ya kiwanda chao,
ambayo, ukiitazama vyema,
si nyeupe sana.